Kumjengea na Kujijengea

Kuna siku moja ambayo sijaisahau, mwanangu, siku Mzee Lipande alipokuja nyumbani kwangu, katika kijiji kimoja kule Chiola, akaniomba nimwandikie barua ya Kiingereza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu mpya niliyetoka chuoni na kiburi changu. Kijiji kizima hakikuwa na mtu mwingine wa kuandika lugha ile, na mimi nililijua hilo vizuri. Hata dukani nilipenda kuchomekea neno moja moja la Kiingereza ili watu wageuke.

Mzee Lipande alikuwa Mmwera, mkulima wa korosho na ufuta, na mwenyekiti wa kamati ya zahanati yetu. Kiswahili alikipata ukubwani. Alikisema polepole, akichagua. Zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja tu, kijana aitwaye Saidi, ambaye alilala kwenye chumba cha kuwekea dawa kwa sababu hakuwa na nyumba. Mkewe na mtoto walibaki Ruangwa. Kila mtu aliona kwamba Saidi hatamaliza mwaka wa pili. Ndipo mzee akakata kipande cha shamba lake, chenye mikorosho inayozaa, akakitoa pajengwe nyumba ya muuguzi. Wageni wawili kutoka ng'ambo, mtu na mkewe, walikuwa wamepita kijijini wakaahidi bati na saruji. Walichotaka ni kuandikiwa tu.

Mzee akaketi, akanitajia taratibu. "Andika, mwalimu. Saidi muuguzi wetu hana nyumba. Lipande ametoa ardhi. Anataka kumjengea nyumba. Tunaomba bati na saruji."

Nilipofika kwenye kumjengea, niliandika kwanza "He wants to build him a house." Nikalitazama lile "him". Likaonekana fupi mno, neno la watoto wanaoanza kujifunza. Nikalifuta, nikaweka "himself", refu, la kisomi.

"Umeandika nilivyosema?" mzee akaniuliza.

"Kiingereza niachie mimi, mzee," nikamjibu, nikabandika bahasha.

Hapa nisimame kidogo, mwanangu, maana na wewe juzi umeniletea barua yako ya kuomba kazi nikaona umeandika "I asked my teacher to give myself advice." Kama mwalimu ndiye aliyetoa ushauri na wewe ndiye uliyepewa, andika "to give me". Maneno kama "myself" na "himself" yakikaa baada ya "to give" au "to build", humrudia yule yule anayefanya hicho kitendo. Yanafanya kazi ya "ji" yetu. Kumjengea ni kumjengea mwenzako. Kujijengea, nyumba inakuwa yako. Basi mimi niliwaambia wale wageni kwamba Mzee Lipande anataka kujijengea.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Nilisimama katikati ya mkutano wa kijiji, nikafungua barua, nikaanza kuitafsiri kwa sauti kabla sijaisoma mwenyewe hadi mwisho. Wageni walisikitika. Walisema hawawezi kumsaidia mtu anayetaka kujijengea nyumba yake binafsi.

Jirani wa Mzee Lipande, Bwana Ndembo, akainuka. "Kumbe ulikuwa unajitafutia? Sisi tunakusifu hapa, kumbe muuguzi ni kisingizio?"

Mzee Lipande alisimama kujibu. Kiswahili kikamponyoka, akachanganya na Kimwera, akatafuta neno, halikuja. Wengine wakacheka. Akakaa, akaitazama mikono yake. Kabla mkutano haujaisha walikuwa wamemvua uenyekiti.

Usiku ule sikufungua daftari langu lenye nakala ya barua. Nilijiambia wageni wamesoma vibaya. Lakini baada ya siku mbili mkewe, Bi Somoe, akaja asubuhi akiwa amejifunga kanga yake vizuri kama anayekwenda msibani.

"Mwalimu, mimi sijui kusoma," akasema. "Nisomee ile barua kama ulivyoiandika. Nataka kujua mume wangu alisema nini."

Nilichukua daftari, nikafika kwenye ule mstari. Nikaliona kosa langu waziwazi. Bi Somoe alikuwa ananitazama usoni, anasubiri. Nami, mwanangu, nikamsomea kwa Kiswahili maneno aliyoyasema mumewe, siyo niliyoyaandika.

"Basi ni wageni ndio hawakuelewa?" akauliza.

"Labda," nikasema.

Akanishukuru. Aliniombea dua, akaondoka.

Miezi miwili ilipita. Watu walimpita Mzee Lipande njiani bila kumpa shikamoo. Mvua zilipoanza, chumba cha dawa kilivuja, na Saidi akapata uhamisho kwenda Ruangwa. Siku anaondoka nilikuwa darasani. Dirishani nikamwona Mzee Lipande akisukuma baiskeli yenye godoro na sanduku la Saidi, wanakwenda kusubiri gari barabara kuu. Wawili peke yao. Kijiji chote kilichotibiwa na kijana yule hakikutoa mtu mwingine wa kumsindikiza.

Chaki ilinishinda. Nilipomaliza kipindi nilikwenda shambani kwake, nikamkuta amerudi, anafyeka majani chini ya mikorosho.

"Shikamoo, mzee. Lile kosa ni langu," nikasema. "Ulisema kumjengea. Mimi niliandika kujijengea."

Akaweka panga chini. "Ji," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Umejua lini?"

Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa. "Siku Bi Somoe alipokuja kwangu."

Akasema, "Kukosea neno si kitu. Mimi Kiswahili nimejifunzia sokoni Nachingwea, nimekosea sana, wamenicheka sana. Lakini wewe ulimtazama mke wangu usoni." Akaokota panga lake. "Mimi nimekusamehe. Ila huku shambani hakuna aliyenitukana, mwalimu. Nenda ukaseme kule waliposikia."

Nilisema. Nilisimama mbele ya mkutano ule ule, nikaeleza neno nililofuta na neno nililoweka, na jinsi nilivyomdanganya Bi Somoe. Bwana Ndembo aliinamisha kichwa. Mama mmoja akauliza, "Sasa Saidi atarudi?"

Barua ya pili niliiandika mbele ya mzee, nikamsomea kila sentensi kwa Kiswahili, na safari hii mahali pa "him" nikaandika "the nurse", yaani muuguzi, ili asipotee. Bati na saruji zilikuja. Kijiji kilichoma matofali, nyumba ikasimama, muuguzi mwingine akaja na watoto wake. Saidi hakurudi. Walimwomba Mzee Lipande ashike tena uenyekiti, akakataa kwa upole. Tulisalimiana vizuri mpaka Mungu alipomchukua, lakini hakuniletea tena barua ya kuandika. Alizipeleka kwa katibu wa msikiti, ambaye alimwandikia kwa Kiswahili.

Mwanangu, jifunze Kiingereza, kijue vizuri. Usichague neno kwa sababu linakupendezesha. Lichague kwa sababu linasema alichokusudia mwenye maneno. Usilolijua, uliza, hata kama aliye mbele yako anadhani unajua yote. Ukimwandikia mtu asiyeweza kusoma ulichoandika, mrudishie maneno yake ayasikie kabla hujafunga bahasha, kwa kuwa jina lake liko mkononi mwako na hana namna ya kukukagua. Na siku ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo. Kosa langu la barua lilikuwa la dakika moja. Miezi miwili ya kunyamaza niliichagua mwenyewe, kila asubuhi, na hiyo ndiyo inayonisumbua hadi leo nikiwa na mvi.

Nenda salama, mwanangu. Mola akupe elimu na moyo wa kuibeba. Watu wakuamini, na kila jina utakalokabidhiwa ulirudishe kwa mwenyewe likiwa safi. Amina.