Fundi cherehani aliyemtangulia nahodha

Saa mbili asubuhi, Jumatatu. Katika chumba cha tiba cha timu ya mpira, kati ya vitanda viwili vya kuchulia misuli, fundi cherehani wa miaka hamsini na mitatu anashona sare ya shule. Mtaalamu wa viungo amechuchumaa sakafuni, macho hayabanduki kwenye goti la kulia la mama huyo.

Nahodha wa timu yuko kwenye foleni, nyuma ya muuza mkaa na bibi mwenye bega bovu. Ndiyo sheria ya hapa: kila Jumatatu majirani wa uwanja hutibiwa bure, na wachezaji husubiri zamu yao.

"Mwanzoni niliona haya," anasema fundi. "Sijapiga hata mpira wa makaratasi, leo nichuliwe na watu wa timu?"

Kibanda chake kimeegemea ukuta wa uwanja. Kwa miaka kumi na tisa ameyajua mabao kwa kelele tu. Cherehani yake ya kukanyaga ndiyo iliyomsomesha binti yake hadi akawa mwalimu.

Kisha goti likaanza kuvimba. Kutoka sare nne kwa siku, akawa hamalizi hata moja. Hospitalini akaambiwa huenda akapasuliwa.

"Nililia, sikufichi. Mikono mizima, macho mazima, halafu goti tu liniachishe kazi?"

Binti ndiye aliyemkokota hadi hapa. Wiki tatu za kwanza zilikuwa kazi bure: Jumatatu goti linanywea, Alhamisi limefura tena. Mtaalamu akaumiza kichwa weee, mwishowe akasema, "Mama, wiki ijayo njoo na cherehani yako." Mabeki wawili wakaenda kuibeba.

Mtaalamu hakuhitaji hata dakika tano kuona kosa. Fundi alikanyaga kwa mguu mmoja, huohuo mbovu, na kigoda alichokalia tangu akijifunza kazi kilikuwa kifupi mno.

"Goti moja limefanya kazi ya mawili miaka thelathini," mtaalamu anakumbuka. "Nikamwambia, mama, uwanja mzima unacheza peke yako!"

Akapewa kiti kirefu na kufundishwa kukanyaga kwa miguu yote miwili. Wiki iliyopita hospitali ilisema hakuna tena haja ya kisu. Limebaki jaribio la leo: kushona sare nzima bila kupumzika.

Anakata uzi. Mtaalamu analibonyeza goti, analikunja, analinyoosha. Halijavimba.

"Rudi kazini, mama."

Fundi anashusha pumzi ndefu, kisha anafuta macho kwa kipande cha kitambaa. Nahodha anajongea na bukta iliyochanika, akiomba apigiwe mshono mmoja tu.

"Rudi kwenye foleni, mwanangu. Jumatatu ni ya majirani."

Kigoda cha zamani amemwachia paka. Shule zikifungua anataka kurudia sare zake nne kwa siku. Lakini kabla ya hapo kuna mechi ya Jumamosi, na ngazi arobaini za kupanda hadi jukwaani.

"Nitapanda polepole," anasema. "Mabao nimeyasikia sana. Sasa nataka kuona moja likiingia."