Mgonjwa wa Taa Nyekundu

Fundi wa mtandao, mfufuaji wa redio ya marehemu babu, mtulizaji wa friji ya jirani iliyokoroma mwaka mzima, hagusi kitu kabla ya kutazama. Alichuchumaa mbele ya kisanduku cha intaneti, mikono mgongoni, akipiga mluzi. Bibi mwenye nyumba roho juu: adhuhuri hiyo angeonyeshwa kwenye simu mjukuu aliyezaliwa juzi, huko mbali.

"Taa ya umeme inawaka. Ya waya nayo. Hii ya kurusha mtandao ndiyo nyekundu."

Akainua kitambaa cha kufuma kilichokifunika kisanduku kwa juu, akakiwekea kiganja kama mtoto mwenye homa. "Bibi, umekivalisha sweta?"

"Sebuleni kwangu hakikai kitu uchi."

Fundi akacheka, akakikunja kitambaa pembe kwa pembe, akampa Bibi gazeti. "Basi mpepee mgonjwa wako. Taa ikigeuka kijani, wapigie wenye mtoto."