Neno Aliloomba Mvushaji wa Magendo

Juzi tulikuwa dukani Omurushaka tukingoja lori la Bukoba, akaingia yule kijana ambaye kundi lake huvusha kahawa ya magendo kwenda Uganda. Kofia imefunika macho, panga liko kiunoni. Tukampisha hadi kaunta bila kuambiwa.

Mzee mmoja wa Kaisho hakusogea. Alikuwa akifungua kahawa yake ya kutafuna kutoka kwenye jani la mgomba.

"Shikamoo yangu iko wapi?" akamwuliza.

Sote tuliangalia panga.

"Shikamoo, baba," kijana akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa."

Kwetu kahawa ya mkononi mwa mzazi hupokewa kwa mikono miwili, goti chini. Kijana alivua kofia, akapiga goti, akapokea. Hakuinuka.

"Sema tena," akaomba.

"Karibu kahawa?"

"Hapana. Lile la kabla ya hapo."

Mzee akamtazama. "Mwanangu," akasema, akamwongezea punje.

Lori lilipofika, kijana ndiye aliyempakilia mzee mzigo. Mimi nilishukia njiani kwa baba yangu, ambaye hadi leo hunikaripia kwa shikamoo hafifu. Nilimwacha akaripie mpaka achoke, kisha nikamwambia asante. Akaniuliza kama naumwa.