Tumbo la Mama lililoanzia Kasongo

Mama yangu Véronique hakuogopa mutu. Kule Kabambare alilima mupunga na karanga miaka yote ya ujane wake, akatusomesha kwa jembe. Siku moja askari wa kizuizi cha barabarani alitamani kuku aliyemubeba kwapani. Mama akamuambia, "Huyu ni wa wajukuu. Wewe omba wa mama yako," akapita. Askari alibaki anacheka. Ndiye mama huyo. Mutu mmoja tu alimufanya anyate kama mwizi: mukwe wake Asani, mume wangu, fundi wa nguo, mupole kupita kiasi, mutu wa kumuomba mbuzi wa jirani msamaha kabla ya kumufukuza.

Si kwamba walichukiana. Ni heshima. Kwa wazee wa kwetu, mama na mukwe wake hawaonani ovyo. Hawali pamoja, hawapeani mukono, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani kumupisha mwenzake. Mama akiwa na neno na Asani aliniambia mimi, hata kama mwenyewe amesimama pale pale: "Dieudonnée, muambie bwana yako chumvi imeisha." Na Asani naye ananijibu mimi. Nilikuwa redio yao, jamani, na nilichoka.

Mama alikuja kukaa kwetu Kasongo kwa sababu alibaki peke yake kule Kabambare. Mwanzoni alinenepa vizuri, akawa anagombana na wauza samaki sokoni, raha tupu. Kisha upepo ukang'oa bati za kibanda cha Asani, naye akaleta mashini yake ya kushona nyumbani. Akaiweka nyuma ya nyumba, chini ya paa la jiko, penye kivuli. Hakuna aliyefikiria jambo lingine. Muda kidogo baadaye, mama akaanza kushika tumbo.

Halikuwa tumbo la kupiga kelele. "Linauma kidogo tu," alisema, "lakini haliondoki." Alikuwa anamega tonge mbili za bugali na kusukuma sahani. Tumbo limejaa, anasema, wakati hajala kitu. Nilijua anachowaza, maana dada yake mukubwa alikufa kwa tumbo lililoanza hivyo hivyo, kidogo kidogo, likikaa kimya mpaka likamumaliza. Mama ndiye alimuosha. Sasa akikaa mulangoni anajibonyeza chini ya kitovu, ananitazama.

Na watu! Kila mutu akawa munganga. Jirani yetu Rachida alisema ni amibe, vijidudu vya maji ya kisima. Wamama wa maombi wakasema ni gastriti, vidonda vya tumbo, aache pilipili. Mujomba wangu akapiga simu kutoka Salamabila, akauliza kwa sauti ya chini, "Hapo kwenu anakula kwa nani?" Nikaelewa anasema sumu. Anakula kwa nani? Kwangu mimi! Nilimukatia simu, na mpaka leo sijamupigia.

Tukaenda kituo cha afya, kwa munganga Arlette. Asani, kama baba wa nyumba, alitufuata kwa mbali, kisha akasimama nje ya mulango, mugongo kwetu, masikio kwetu. Arlette aliuliza kama kuna homa, kutapika, damu, kama nguo zimeanza kumupwaya. Hapana, hapana, hapana.

"Na choo, mama? Unaenda vizuri?"

Mama akatazama mulango. "Muzuri."

"Kila siku?"

"Kila siku, mutoto wangu. Bila shida."

Akapewa kikopo cha kuleta choo kipimwe. Kesho yake akakileta, amekifunga kwa jani la mugomba kwa adabu kubwa. Majibu: minyoo. Tulifurahi sana, nani hajapata minyoo? Mama akameza dawa. Tumbo likabaki vile vile.

Hapo ndipo alianza kugawa vitu. Kitenge chake kizuri akanipa mimi, sufuria akamupa Rachida. Akapatana na Dady, kijana wa pikipiki anayeenda upande wa Kabambare, aje kumuchukua siku ya Ijumaa. "Nikafie kwetu," alisema, anakunja nguo. "Barabara ile na maiti mutaiweza?"

"Hufi!" nilipiga kelele.

"Wewe ni munganga?"

Nililia jikoni, nikapangusa uso, nikaamua. Asani alipoondoka kupeleka nguo za wanafunzi, nilimushika mama mukono, nikamuburuta tena mpaka kwa Arlette. Safari hii tulikuwa wanawake watupu. Arlette akamulaza, akamubonyeza polepole, akafika upande wa kushoto, mukono ukasimama. Akaenda kufunga mulango.

"Mama, hapa ni mimi na mutoto wako tu. Choo kubwa, mara ya mwisho ilikuwa lini?"

Mama akavuta kitenge, akajifunika uso wote. Sauti ikatoka chini ya kitambaa: "Wiki ingine ile."

"Eeh! Kwa nini?"

"Mukwe iko pale."

"Pale wapi?"

"Kwa njia ya choo! Anashona toka asubuhi mpaka jua linaingia. Nitapita namna gani na kopo la maji mukononi, mukwe ananiangalia? Atajua naenda wapi!"

Alikuwa anangoja giza, na giza likifika, tumbo nalo limegoma. Maji aliacha kunywa muchana, maana maji yanamupitisha mutu njia ile ile.

"Na kile kikopo?" Arlette akauliza.

Kutoka chini ya kitenge: "Ilikuwa ya mutoto."

Ya mutoto wangu wa mwisho! Kumbe minyoo ni yake, na dawa ameimeza bibi. Arlette alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka mpaka nikalia, na nikaendelea kulia baada ya kicheko kuisha.

Kisha Arlette akaacha mchezo. Akasema amemupima vizuri, haoni uvimbe, hakuna damu, hajakonda. Ni choo kilichofungana. Anywe maji, ale papai na mboga ya lengalenga, ameze dawa ya kulainisha, na tumbo likiita, aitike. Lakini likiendelea baada ya hapo, au akiona damu, arudi haraka, wamutume hospitali wamuangalie zaidi.

Mama akafunua uso. "Kwa hiyo si ile ya dada yangu?"

"Kwa ninavyoona, si ile."

Akatazama mikono yake, ile ile iliyomuosha dada yake. "Mungu wangu," alisema. "Nilikuwa nimeshakufa, mimi." Njia nzima ya kurudi alishika mukono wangu kama mutoto.

Aliniapisha nisimuambie Asani hata neno. Nilimuambia jioni ile ile, bila shaka. Tonge likamubakia mukononi. Aliinuka tu akaenda kunawa.

Asubuhi mashini ilikuwa mbele ya nyumba, kando ya barabara, kwenye vumbi na jua kali. Wateja wakamuuliza amekosa nini mpaka afukuzwe kivulini. "Huku kuna mwangaza," alijibu, jasho linamutiririka mpaka kwenye kola.

Ijumaa Dady akaja, akapiga honi. Mufuko wa mama ulikuwa mulangoni, umefungwa kwa kamba, lakini mwenyewe hayupo chumbani, hayupo jikoni. Nikazunguka nyumba naita, "Mama! Dady amefika!"

Sauti ikalipuka kutoka chooni, wakaisikia mpaka kisimani: "Muambie aende! Tumbo liko kazini! Siendi Kabambare, siendi popote, nakaa hapa na watoto wangu!"

Dady aliinamia pikipiki yake kwa kicheko. Nilikimbia mbele kumuangalia Asani. Amesikia yote, hakuna asiyesikia. Kichwa amekiinamisha, anakanyaga mashini kwa nguvu zake zote, tarrr, tarrr, ili asisikie zaidi, na chini ya sindano hakukuwa na kitambaa.