Kanzu Niliyotoka Nayo Nara

Hapa Temeke nimewasimulia watu uzuri wote wa Japani isipokuwa hili moja. Leo nalitua.

Meli yetu ilikuwa inatengenezwa Kobe, nasi mabaharia wanne tukajipangia wenyewe safari ya kwenda kutembea Nara. Kiongozi nikawa mie, kwa kujitia mjuzi. Tuliona paa wakizurura mjini bila kumwogopa mtu, na mahekalu makubwa ya mbao yasiyo na hata chembe ya vumbi.

Usiku tulilala nyumba ya wageni. Kila mmoja alikuta kanzu ya pamba imekunjwa juu ya godoro.

"Bwana Idi, hizi si za kulalia tu?" akauliza Hamisi wa Kunduchi.

"Mgeni akivishwa nguo haulizi," nikamjibu.

Asubuhi wenzangu wakaziacha. Mie muungwana, tena sipokei bure! Nikaikunja suruali yangu, nikaiacha godoroni iwe zawadi ya mwenyeji, nikaenda stesheni na kanzu yangu kwa maringo. Watu wakanitazama sana, nikajua nimependeza.

Treni inakaribia, mama mwenye nyumba akafika mbio.

"Mnaona adabu hiyo? Amekuja kutusindikiza!" nikawaambia wenzangu.

Akainama, nami nikainama. Akanikabidhi kifurushi. Ndani mlikuwa na suruali yangu, imekunjwa vizuri kuliko nilivyoikunja. Kisha akasimama, macho chini, mikono ameitanguliza mbele, akingoja kwa upole ambao sijauona tena popote.

Hamisi akaninong'oneza, "Bwana Idi, anataka kanzu yake."

Nami ndani ya kanzu ile sikuvaa kitu.