Nilichora jiko la shule la ndoto yangu, nikamsahau anayesonga bugali

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi niko Bunia, mtaa wa Rwambuzi, kazi yangu kuchora na kujenga. Haya yamenikuta mwenyewe, na sehemu ya aibu sitairuka.

Kuna shule ya msingi hapa karibu. Watoto wengi ni wa familia zilizokimbia vita huko Djugu. Mchana wanakula shuleni, na kwa baadhi yao ndicho chakula cha siku.

Jiko lilikuwa mafiga chini ya bati. Moshi mpaka darasani, watoto wanasukumana na sahani zao kwenye tope. Direkta, yaani mkuu wa shule, akaniomba nilipange upya.

Wakuu, mimi ni mtu wa kuota macho wazi. Nilitembea na lile jiko kichwani mwezi mzima. Asubuhi ukungu haujainuka, naliona: dohani ndefu, kaunta nyeupe, watoto wanaingia mlango huu na kutokea ule, mvuke unapanda taratibu. Mara mbili nilipitiliza nyumba yangu.

Nikajenga vilevile. Meko nikayainua hadi kiunoni, kama nilivyoona kwenye picha za mahoteli. Nilijiona fundi kwelikweli.

Siku ya kwanza akaja mpishi, Mama Furaha, na mwiko wake mrefu. Naye alikimbia Djugu, na kazi hii ndiyo inayowalisha wajukuu zake. Sufuria kubwa ikapanda mekoni. Mdomo wa sufuria ukamfika mama begani.

Maharagi yalikubali. Bugali, ugali wetu wa huku, ukakataa. Alisonga mikono ikiwa juu, jasho linamtiririka, unga ukabaki madonge. Watoto walirudisha sahani.

Direkta akaniita pembeni, ila sauti hakuipunguza: "Mama amezeeka. Tutatafuta kijana mwenye iko na nguvu."

Nami nikanyamaza. Nililipenda jiko langu kuliko yule mama. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, wakuu, na bado inaniuma.

Mama alisikia yote. Kesho yake akanikabidhi mwiko.

"Songa weye, mutoto wangu. Weye uko na nguvu."

Nikasonga. Haikuchukua muda mabega yakawaka moto, mwiko ukakwama katikati, watoto wanacheka dirishani. Ndipo nikaelewa: bugali wa shule nzima hausongwi kwa mikono tu. Unainama juu ya sufuria, unasukuma kwa uzito wa mwili wote.

"Hii jiko ni ya kuangalia," akasema. "Haiko ya kupika."

Jumamosi nilivunja meko yangu mwenyewe kwa nyundo, nikayashusha chini ya magoti. Kaunta na dohani vikabaki. Direkta alininunia.

Jumatatu Mama Furaha aliinama, akasonga huku akiimba polepole, mvuke ukamfunika tukawa tunasikia sauti tu. Bugali ukatoka laini. Sahani hazikurudi na kitu.

Direkta naye akapanga foleni. Mama akampakulia, akamtazama usoni.

"Direkta, ule kijana yako akikuja, iko masufuria ya kusafisha."

Direkta akachukua sahani yake, akaenda kukaa.

Funzo nililopata: kabla hujachora jiko, shika kwanza mwiko wa atakayepika humo.

Mafundi mliomo humu, nani mwingine alijenga kitu kizuri kikamtesa mwenye kukitumia? Mwageni hapa, kifo cha wengi harusi.