Mwalimu wa "chase" aliyebaki darasani siku ya yowe

Wakuu, heshima kwenu. Namshukuru Mungu aliyeniacha hai mpaka nikajua kuandika kwa simu. Haya nimeyaona kwa macho yangu. Katekista mstaafu atapata nini kwa kuwadanganya?

Ni enzi za Ujamaa, tumehamishiwa kijiji kipya karibu na Ngulyati. Tukaletewa Mwalimu Rajabu, kijana wa Tanga. Mchana anafundisha watoto, jioni sisi watu wazima, Kiingereza kidogo.

Siku hiyo ameandika ubaoni: chase. Chini yake: pursue, run after. Tunaitikia kama litania.

Mara yowe. Ng'ombe wameibwa!

Kwetu Wasukuma yowe halina mjadala. Mwanaume akilisikia anashika fimbo, anakimbia. Asiyekwenda anatengwa: hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi.

Tukatoka, wengine kupitia dirishani.

"Kaeni chini! Hatujamaliza chase!" Mwalimu anafoka.

Ng'ombe tuliwapata njia ya Maswa, Mungu ni mwema. Kesho yake wazee wakamwita Mwalimu.

"Yowe ulilisikia?" akauliza Mzee Masunga, mkubwa wa baraza.

"Nililisikia, baba. Nilikuwa nafundisha."

"Unafundisha nini?"

"Kukimbiza."

"Umesimama hapohapo?"

Baraza likaangua kicheko. Nilishika rozari nijizuie, ikashindikana.

Ila Mwalimu hakucheka. Mkewe ametoka kujifungua. Atatengwaje na mtoto mchanga ndani? Akaomba msamaha.

Mzee akasema, "Waliokimbia wamerudi na njaa. Walishe, yaishe."

Ng'ombe hana. Ana jogoo tu.

"Basi mkamate mwenyewe. Tunakuangalia."

Aisee wakuu! Jogoo yule alikuwa na mbio za shetani, Mungu anisamehe. Akapita kwenye pamba, akapita chini ya kitanda cha mwenyekiti wa kijiji. Wanafunzi nyuma: "Chase, Mwalimu! Pursue!" Bibi mmoja ambaye darasani hajawahi kufumbua mdomo akapaza sauti: "Run after, mjukuu wangu! Run after!"

Alimkamata, kiatu kimoja hakijulikani kilipo. Akachinja mwenyewe kwa bismillahi. Kijiji kizima, jogoo mmoja: wengi tuliambulia mchuzi.

Mzee Masunga akanywa wake, akafuta ndevu. "Huyu sasa ni wetu."

Jioni hiyohiyo wanawake wakampelekea mzazi kuni na maji.

Nilichojifunza: ukihamia kwa watu, uliza mapema ni jambo gani huwainua wote kwa pamoja. Likitokea, acha chaki.

Kwenu asiyeitikia yowe anafanywaje? Semeni.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu ailinde nyumba yako, na mifugo yako ilale salama.